Nilivyokuwa wakala bila kulipwa

Kazi yangu ya kwanza kwenye kompyuta ilikuwa kupuliza vumbi. Ilikuwa mwaka 1993, karakana ya chumba kimoja ghorofani, jirani na Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Bosi alinipokea kwa kuwa mjomba wangu alimwomba, wala si kwa kuwa nilijua kitu. Miezi mitatu nilipuliza vumbi, nikafuta monita, nikafuata chai. Mwezi wa nne akanipa bisibisi.

Wateja wetu wakubwa walikuwa ofisi za kuchapa, zile zilizoandikia watu barua za kuomba kazi, mihtasari ya vikao na kadi za michango ya harusi. Karibu zote zilitumia WordPerfect 5.1, programu ya kuchapia. Skrini ya buluu tupu, na juu ya kibodi kipande cha karatasi ngumu cha kukukumbusha kwamba F6 ni kukoza herufi, F8 ni kupiga mstari chini, F7 ni kutoka. Wachapaji wazoefu walishakitupa. Kisutu kulikuwa na dada mmoja aliyeweza kuchapa huku anagombana na mtu dirishani, na barua ikatoka haina kosa.

Chini ya WordPerfect kulikuwa na DOS, mfumo unaoiendesha mashine yenyewe, na hapo ndipo nilipoingia mimi. Baadhi ya mashine, hasa za mitumba kutoka Ulaya, zilikuja na DR-DOS badala ya MS-DOS ya Microsoft. DR-DOS ilikuwa mali ya Digital Research ya California, kampuni aliyoianzisha Gary Kildall, ambaye mfumo wake wa CP/M ulikuwapo kabla MS-DOS haijazaliwa. Toleo la 6, la mwaka 1991, lilikuwa na namna ya kubana diski ili ndogo imeze mengi, na lilijua kuipanga kumbukumbu ya mashine vizuri. Kwa ofisi yenye diski ya megabaiti 40 hiyo ilikuwa neema. Bosi aliipenda sana. Alikuwa akisema, "Hii DOS ina adabu, haijitandazi."

Kisha Windows 3.1 ya Microsoft, iliyokaa juu ya DOS, ikaingia mjini, na maneno yakaingia pamoja nayo. "DR-DOS haipatani na Windows." Sikumbuki nani aliniambia kwanza. Fundi mmoja aliyetoka Nairobi alisema, mwingine akasema amesoma kwenye gazeti la kompyuta la Uingereza, basi nikalipokea kama nilivyopokea kwamba waya mwekundu usiguswe. Tangu hapo, mteja akileta mashine imekwama nami nikakuta DR-DOS ndani yake, sikutafuta sababu. Sababu nilikuwa nayo tayari. Nilimwambia, "Mzee, tatizo ni hii DOS ya bandia," nikafomati, nikaweka MS-DOS, nikachukua changu. Wakati mwingine mashine ilirudi baada ya wiki na ugonjwa ule ule, na kumbe ni pawa saplai.

(Na tuseme ukweli, flopi za MS-DOS tulizokuwa tukibandika nyingi hazikuwa na leseni. Microsoft hawakupata hata senti kwangu. Walipata mashine, na wachapaji, na wapwa wa wachapaji waliojifunza juu yake.)

Kuna siku bosi aliniuliza, mbona tunaziondoa zote? Nikamjibu kwa sauti ya mtaalamu kwamba hazipatani. Akaniuliza nimeona wapi. Nikamwambia kila mtu anajua. Hakuuliza tena.

Mwaka 1999 nilikuwa nimeshatoka kwake, nasimamia mgahawa wa intaneti Sinza, mashine kumi na laini ya simu inayokatika mvua ikinyesha. Usiku, wateja wakiisha, nilisoma. Na usiku mmoja nikasoma habari za DR-DOS, nikahisi masikio yanapata moto.

Desemba 1991 Microsoft ilikuwa imetoa toleo la majaribio la Windows 3.1 kwa maelfu ya watu ili walipime. Ndani yake mlikuwa na kipande cha msimbo, yaani maagizo ya programu, kilichofichwa kwa usimbaji, na kazi yake ilikuwa moja: kuangalia kama DOS iliyo chini ni ya Microsoft. Ikiwa siyo, kwenye skrini kulitokea hitilafu, namba 2726, ikikuomba uwasiliane na wahudumu wa majaribio. Hitilafu yenyewe haikuwapo. Ukibonyeza herufi C, kazi iliendelea kama kawaida. Programa mmoja, Geoff Chappell, ndiye aliyekichokonoa kipande hicho, na Andrew Schulman akakieleza kwa kirefu katika jarida la Dr. Dobb's mwaka 1993, mwaka ule ule niliopewa bisibisi. Katika toleo lililouzwa madukani, msimbo ulibaki ndani lakini umezimwa. Haukuhitajika tena. Waliolipima toleo la majaribio ndio hao hao walioandika magazetini na kuwashauri wanunuzi.

Kampuni ya Caldera, iliyonunua DR-DOS mwaka 1996, iliishtaki Microsoft mwaka huo huo huko Utah, na katika kesi hiyo zikatoka barua pepe za ndani. Moja iliandikwa na Brad Silverberg, mmoja wa wakubwa wa Windows. Alieleza kwamba mtumiaji anatakiwa akose raha, na akipata hitilafu aishuku DR-DOS, kisha aende akanunue MS-DOS. Niliisoma mara tatu. Kila alichotaka nikifanye nilikuwa nimekifanya, tena hanijui, yuko upande wa pili wa dunia, na mimi nilijiona mjanja wa Mnazi Mmoja. Kesi ile ilimalizwa Januari 2000 nje ya mahakama; baadaye ikajulikana Microsoft ililipa dola milioni 280. DR-DOS ilikuwa imeshakufa zamani.

Nilikwenda kumsalimia bosi, nikamsimulia. Alikuwa mtu mzima sasa, ameacha karakana, anauza vipuri vya majokofu. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ile ilikuwa haina kosa?" Nikasema haikuwa na kosa, bosi. Akasema, "Na wewe ndiye uliyenitolea," kisha akacheka, lakini si sana.

Baada ya hapo nikawa kama mtu aliyegundua jirani yake ni mchawi. Kila kitu nikawa nakiangalia upya. Kwa mfano, kwa nini mashine mpya nazo zilikuwa zinakuja na MS-DOS karibu zote? Nilidhani ni ubora. Kumbe mikataba ya Microsoft na watengenezaji wengi wa kompyuta ilihesabu mashine, haikuhesabu nakala. Mtengenezaji alilipa kwa kila kompyuta yenye prosesa ya aina fulani aliyoitoa kiwandani, iwe ina MS-DOS au haina. Wazee wetu waliijua hesabu hii: kodi ya kichwa. Hukuulizwa una ng'ombe wangapi, uliulizwa una kichwa. Sasa mtengenezaji aliyekwisha kulipia MS-DOS atalipaje tena kuweka DR-DOS? Kukubali mshindani ilikuwa kulipa mara mbili. Serikali ya Marekani iliibana Microsoft iache mikataba ya namna hiyo kwa makubaliano ya Julai 1994, lakini kufikia wakati huo kazi ilikuwa imekwisha kufanyika, na kwa upande wa Kisutu niliimalizia mimi.

Kwenye mgahawa wa Sinza mambo yalinikuta tena, na safari hii nilikuwa macho.

Mwanzoni mashine zote kumi zilikuwa na Netscape, kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Ile herufi N yenye nyota zinazodondoka nyuma yake wakati ukurasa unafunguka, na kwa laini yetu ziliweza kudondoka mpaka mteja akamaliza soda. Kisha nikaanza kupiga Windows 98, mashine moja baada ya nyingine, kwa kuwa virusi vilikuwa havishikiki. Windows 98 ilikuja na Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft, imeshonewa ndani. Netscape ilibidi uipakue: zaidi ya saa nzima kwa modemu yetu, mita ya simu inasoma, na laini ikikatika unaanza upya. Mashine ya kwanza nilipakua. Ya pili nilipakua. Ya tatu nikaangalia saa, nikaangalia bili ya simu, nikaiacha. Kufikia mwisho wa mwezi Netscape ilibaki kwenye mashine mbili, na wateja wakazikwepa kwa kuwa "hazina intaneti." Neno kivinjari halikuwa limefika mitaani. Wateja walikuwa wanasema "nifungulie intaneti" huku wananyooshea kidole ile e ya buluu. Kwao ile e ndiyo ilikuwa intaneti yenyewe.

Hakuna aliyenizuia kuweka Netscape. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi nilipoanza kufuatilia kesi ya Washington. Wizara ya Sheria ya Marekani na majimbo 20 walikuwa wamefungua mashtaka Mei 18, 1998, mbele ya jaji Thomas Penfield Jackson, na Novemba 5, 1999 jaji alitoa matokeo yake kuhusu ukweli wa mambo, kurasa 207. Nilichapisha baadhi kwenye printa ya mgahawa, ile ya pini, inalia kama cherehani, nikazisoma na kamusi ubavuni.

Jaji alieleza jambo nililolifanya kwa mikono yangu bila kulijua jina. Alisema njia mbili zilizo bora kuliko zote za kumfikishia mtu kivinjari ni kompyuta mpya yenyewe na kampuni inayomuuzia intaneti. Kupakua kulikuwa njia ya wenye subira. Na zile njia mbili ndizo Microsoft ilizoziwekea kigingi. Watengenezaji wa kompyuta hawakuruhusiwa kuiondoa e kwenye skrini. Mwaka 1996 Compaq waliiondoa kwenye mashine zao za Presario. Microsoft ikawaandikia kwamba itawavunjia leseni ya Windows, nao wakairudisha. AOL, waliokuwa wakiuza intaneti kwa mamilioni ya Wamarekani, walipewa nafasi yao ndani ya Windows, na wao wakakipa kivinjari cha Microsoft upendeleo. IBM, watengenezaji wa kompyuta ambao walikuwa na mfumo wao wa OS/2 na hawakutaka kuuacha, walipata leseni ya Windows 95 dakika 15 kabla sherehe ya uzinduzi haijaanza, Agosti 24, 1995. Hebu fikiria uko na bidhaa za msimu mzima, na kibali kinasainiwa wageni wanakaa vitini.

Na kwa nini hawa wote walikubali? Hapo jaji alikuwa na maelezo ambayo fundi yeyote anayaelewa: kuku na yai. Waandishi wa programu huandika kwa ajili ya mfumo wenye watu wengi. Watu huenda kwenye mfumo wenye programu nyingi. Mfumo huo ulikuwa Windows, na hakuna aliyethubutu kuukosa. Netscape haikuwa DOS. Lakini programu zikianza kuandikwa kwa ajili ya kivinjari, mtu hatajali tena chini yake kuna mfumo gani, na lile duara la kuku na yai linakatika. Ndiyo maana Microsoft ilitoa kivinjari bure na kutumia fedha nyingi kukieneza. Haikuwa ikigombania kivinjari. Ilikuwa ikilinda ukuta wa Windows.

Nisije nikaonekana namwonea mtu. Internet Explorer 4 na 5 zilikuwa nzuri, na Netscape ya miaka ile ilikuwa imenenepa, inaanguka ovyo. Mteja wa Sinza aliyeikwepa hakuwa mjinga. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi, lakini hili lilikuwa na mabaharia waliogombana pia. Ninachosema ni kwamba sitajua kamwe Netscape ingekuwaje kama ingeachwa ishindwe yenyewe. Kinachojulikana ni kilichofuata: Microsoft ilipokwisha kushinda, ilitoa Internet Explorer 6 mwaka 2001, kisha toleo la 7 likaja mwaka 2006. Miaka mitano. Mimi ndiye niliyekuwa nasafisha virusi vilivyopitia humo.

Juni 2000 jaji aliamuru kampuni igawanywe mbili. Sinza tulisherehekea, yaani mimi na kijana aliyekuwa akiuza karanga mlangoni, ambaye nilikuwa nimemchosha na habari hizi. Mwaka mmoja baadaye mahakama ya rufaa, majaji saba kwa kauli moja, ikakubali kwamba Microsoft ililinda ukiritimba wake kinyume cha sheria, lakini ikatengua amri ya kuigawa. Jaji Jackson mwenyewe alikuwa ameongea na waandishi wa habari kesi ikiendelea, na hilo lilimharibia. Yakafuata makubaliano. Ulaya nao, Machi 2004, waliitoza faini ya yuro milioni 497 kwa mambo mengine ya jamaa hiyo hiyo. Netscape ilikuwa imeshauzwa kwa AOL tangu 1999, ingawa msimbo wake ulioachiwa umma ndio uliokizaa kivinjari cha Firefox, Novemba 2004.

Mwaka huo huo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kwenye mradi wa Kilinux, wa kutafsiri programu huria kwa Kiswahili, na ikatoka Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, bure. Niliiweka kwa wateja kadhaa kwa furaha ya mtu anayelipa deni. Baadaye Microsoft nayo ikaleta Kiswahili chake, na sidhani ingekumbuka bila kusukumwa. Lakini mteja wangu mmoja alipeleka zabuni kwenye ofisi moja, hati aliyoiandika kwa Jambo, wakaifungua kwa programu yao, majedwali yakapinda na namba zikahamia safu nyingine. Hawakumpigia hata simu. Sikuwa na la kumwambia. Kilichompa hasara ni umbo la faili tu, wala si ubora wa programu.

Sasa nifike ninapokwepa kufika.

Mwaka 2010 nilianza kuuza programu yangu mwenyewe ya stoo. Nimeiandika usiku kwa usiku, nayo ilikuwa nzuri: inajua dawa zinazokaribia kuisha muda, inatoa ripoti ya jioni, haihitaji intaneti. Maduka ya dawa ya Sinza, Manzese na Mwenge yaliipokea. Miaka minne mitano nilikula kwa hiyo. Kisha akatokea kijana mwenye programu yake, nyepesi, inaonekana hata kwenye simu, na wateja wawili wakaniuliza kama data yao inaweza kuhamia.

Faili la data nilikuwa nimelifunga kwa paswedi tangu mwanzo. Kwa usalama, nilijiambia, na kwa kweli mwanzoni ilikuwa usalama. Sehemu ya kutoa orodha kwenda Excel sikuiweka. Nilijiambia nitaiweka nikipata nafasi. Wale wawili nikawaambia inawezekana lakini ni kazi kubwa, nikataja bei ambayo nilijua hawatailipa. Hawakulipa. Wakabaki.

Toleo lililofuata nikaongeza kitu. Mistari michache tu. Ikigundua programu nyingine inagusa lile faili, inatoa kisanduku cha njano: "Tahadhari: data yako inaweza kuharibika." Niliandika nikiwa nimechoka, saa nane za usiku, na naapa kwamba hitilafu namba 2726 haikunijia kichwani. Au ilinijia nikaifukuza. Haya mambo ya usiku mtu huyashuhudia vibaya.

Mama mwenye duka la dawa pale Manzese ndiye aliyenipigia. Alikuwa mteja wangu wa tatu tangu nianze. Yule kijana alikuwa dukani kwake, amejaribu kufungua faili, kisanduku kimetoka.

"Fundi, hapa panasema data yangu inaweza kuharibika."

"Ndiyo, mama."

"Itaharibika kweli?"

Nilikuwa daladalani, nimesimama, nimeshika bomba. Konda alikuwa anadai nauli. Nikamwambia haitaharibika.

"Sasa mbona umeandika?"

Nikashuka kituo kilichofuata, nikavuka barabara, nikapanda gari la kurudi Manzese. Kijana alisimama nilipoingia, akaniamkia, "Shikamoo fundi," kwa heshima yote, nikaitikia huku siwezi kumwangalia. Mama hakunikaripia. Alinipa kiti na karatasi, nyuma ya risiti ya EFD, nikaandika paswedi. Kijana akaiingiza, bidhaa zote za duka, miaka yote ile, zikapita kwenda kwake kwa muda usiozidi kuchemka kwa birika.

Usiku ule nilikiondoa kisanduku, na wiki iliyofuata sehemu ya Excel ikapatikana; ilinichukua siku mbili. Wateja tisa walihama mwaka ule. Mama wa Manzese ana programu ya kijana mpaka sasa. Printa yake bado naitengeneza mimi.